Daftari la Korongo

Likasi, Jumapili mchana

Kabibi,

Kutoka hapa mezani nasikia mama yako akikusuka. Umekaa kwenye mkeka, kichwa kati ya magoti yake, na kila anapokaza uzi unalia kama mtu anayechinjwa. Sasa hivi amekuambia: "Tulia, weye! Ukitingisha kichwa, mustari inapinda, na bale ba université batasema mama yako iko kipofu." Nawe umejibu: "Bataona vile uko mupole, mama, sababu haukuning'oa masikio." Mmecheka wote wawili. Nimesimama dirishani kidogo kuwaangalia, halafu nimerudi kwenye karatasi.

Kesho asubuhi unapanda taksi-basi kwenda Lubumbashi kusomea uganga wa wanyama. Mambo ya safari mama yako ameyamaliza: unga, mafuta ya mawese, namba za watu wa kuwapigia, kanisa la kwenda. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, la miaka mitatu iliyopita, na wewe unalijua kabla sijalitaja. Ni lile la korongo.

Nilianza kuandika kwa Kifaransa. Baada ya ukurasa mmoja niliona nimeandika ripoti: chanzo, mwendo wa jambo, hitimisho. Nimeichana. Nakuandikia kwa Kiswahili tulichofundishwa shule ya misheni kule Kapolowe nilipokuwa mtoto, kwa sababu katika lugha hii sijawahi kumfundisha mtu bayolojia.

Unakumbuka alivyofika. Muuza makaa mmoja alitoka upande wa Kapolowe akisukuma baiskeli yenye magunia, na juu ya magunia amefungwa korongo wa taji, mzima, macho wazi, zile nywele zake za dhahabu zimejaa vumbi la makaa. Uzi wa nailoni wa wavuvi ulikuwa umemzunguka mguu wa kushoto na kukata nyama mpaka mfupani. Mfupa wenyewe ulikuwa umevunjika chini ya kile ambacho watu huita goti. Si goti, ni kifundo cha mguu. Goti la ndege limejificha juu, ndani ya manyoya. Unaona, siwezi kujizuia.

Yule mtu alisimama mlangoni akipangusa jasho. "Papa, banasema ku hii nyumba kuko prof wa banyama. Minye nilitaka kuikula, lakini hii ndeke inaniangalia sana. Tangu asubui inaniangalia tu."

Nikampokea. Nilikata uzi kwa wembe, nikanyoosha mguu, nikaufunga kwa vipande vya mwanzi na vipande vya kitenge kikuukuu cha mama yako, kile cha maua ya zambarau. Tulimjengea banda la mabati uani, karibu na tangi la maji. Siku ya pili nilimwita Kasongo. Wewe ulimjua kama yule papa mnene anayekagua nyama kwenye machinjio. Mimi nilimjua kama mwanafunzi wangu wa zamani, aliyeketi benchi la tatu na kuchora vizuri mishipa ya chura. Alipiga magoti, akainua kitambaa, akanusa, akaminya kidogo juu ya jeraha. Kisha akainua uso akaniangalia mimi, siyo ndege.

"Itapona, Prof. Kazi umefanya ni ya muzuri kabisa."

Usiku huohuo nilifungua daftari jipya nikaandika ukurasa wa kwanza: uzito kilo tatu na nusu, mfupa umevunjika na kutoboa ngozi, Kasongo amethibitisha kwamba atapona. Ile ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho mimi kumpima korongo yule. Kuanzia hapo nilimtazama tu kwa macho, nikaandika.

Lazima nikuambie hali niliyokuwa nayo, maana ulikuwa na miaka kumi na sita na sidhani kama uliiona. Nilikuwa nimestaafu miezi minne kabla. Kwa miezi minne hakuna mtu aliyeniuliza chochote zaidi ya kama umeme umerudi. Asubuhi nilivaa shati la kazini, nikanyoosha kola, kisha nikakaa kwenye kiti nikiangalia ukuta. Halafu korongo akaja, na watu wakaanza kuja. Walimu wenzangu wa zamani, watoto wa shule, wanakwaya wakitoka misa ya pili. Walikaa juu ya matofali uani nami nikasimama mbele yao na fimbo, nikaeleza mifupa yenye hewa ndani, nikaeleza kwa nini korongo hupatana na mwenzi mmoja miaka mingi, nikaeleza mabwawa ya Lufira. Jioni ndege alipolia akielekeza shingo upande wa mashariki, kwenye mabwawa hayo, niliwaambia: "Anawasalimia." Wakapiga makofi.

Kwaya ikapiga makofi, Kabibi. Na wewe ulikuwa umesimama nyuma yao na beseni la maji ya chumvi, ukisubiri waondoke ili umsafishe kidonda.

Uliniambia mara tatu. Wakati ule sikuhesabu. Nimehesabu baadaye, nikiwa peke yangu, na zinafika tatu.

Mara ya kwanza ulisema: "Papa, ile muguu ingine nayo imevimba."

Nikakueleza. Ndege mwenye miguu mirefu akiumia mmoja, uzito wote unaenda kwenye wa pili, wayo unapata kidonda, jambo la kawaida, tutaongeza nyasi chini. Ukasema: "Ndiyo, papa."

Mara ya pili: "Papa, haikule. Mahindi yote minye njo naokota mangaribi."

Nikakueleza kwamba ndege wa porini akifungiwa hupunguza kula, kwamba mwili hutumia akiba yake. Nilichora hata mchoro, nadhani. Ukasema: "Ndiyo, papa."

Mara ya tatu hukuita papa kwanza. Ulisimama pale mlangoni mikono imelowa, ukasema: "Inanuka." Basi. Nami nikakueleza tofauti kati ya harufu ya nyama inayokufa na harufu ya dawa niliyopaka. Nilieleza vizuri. Nakumbuka kwamba nilieleza vizuri, kwa sababu nilifurahia mpangilio wa sentensi zangu. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukasema tena ile ndiyo yako, ukaenda. Mimi niliichukua kwamba umeelewa.

Katika wiki ya nane binamu yangu alifariki Kapolowe, nikaenda kwenye kilio siku tatu. Na hapa ndipo panaponichoma hadi leo. Siku zile tatu sikumlilia marehemu sana. Nilizungumza juu ya korongo. Wazee waliuliza, nami nikaeleza. Niliwaambia atasimama kabla ya mvua, kwamba nitamrudisha mwenyewe kwenye maji. Asubuhi ya kuondoka niliingia shambani, mzee mzima mwenye miwani, nikikimbiza panzi kwenye umande na kuwatia katika chupa ya plastiki. Wajukuu wa marehemu walinicheka mpaka wakakaa chini. Nilisafiri na chupa ile mapajani, nikiwasikia wanavyorukaruka ndani.

Nilipofungua lango, kitu cha kwanza nilichokiona ni kamba ya nguo. Vipande vya kitenge cha maua ya zambarau vilikuwa vimefuliwa na kuanikwa, vimenyooka, vimepangwa kwa urefu. Banda lilikuwa tupu na limefagiwa.

Mama yako alitoka jikoni. "Baba Kabibi, ukale kwanza."

"Iko wapi?"

"Ukale kwanza, nikuletee maji."

"Minauliza iko wapi?"

Ndipo ukatokea nyuma yake. Hukujificha, hilo nakiri. "Minye njo nilimwita Papa Kasongo. Alikuja jana."

Nilikuwa bado nimeshika chupa ya panzi. Niligeuka nikatoka mpaka mtaa wa Shituru kwa miguu, nyumbani kwa Kasongo, na sasa nitakuandikia kitu ambacho mama yako anakijua kwa sababu mke wa Kasongo alimsimulia, lakini mimi mwenyewe sijawahi kukitamka. Nilidhani wamemla. Nilidhani binti yangu na mwanafunzi wangu wamenizunguka kwa ajili ya nyama. Mke wa Kasongo alikuwa na chungu juu ya mbabula, jiko la makaa, nje ya nyumba. Bila hodi, bila jambo, nikainua kifuniko. Mvuke ulipanda ukafunika miwani yangu, nikawa nimesimama pale sioni kitu, kifuniko mkononi.

"Eh! Papa Prof! Iko unatafuta nini mu nyungu yangu?"

Niliinama nikanusa.

"Ni sombe, papa." Alikuwa anajaribu kutocheka, nilisikia. "Ni sombe tu, majani ya mihogo. Kama ni njaa ukale, nikutilie."

Kasongo alitoka ndani akifunga vifungo vya shati. Alipoona chupa ya panzi alielewa yote, akakunja mikono mbele kama anavyofanya tangu shuleni.

"Tuliizika, Prof. Ku nyuma ya bustani ya machinjio, kwenye udongo laini. Nitakuonyesha."

"Uliniambia atapona."

"Ndiyo, Prof."

"Ulijua siku ile?"

"Siku ile ya kwanza. Mufupa ilikuwa imekwisha kufa, imekauka. Hata ungefunga na zahabu."

"Na ukaniambia atapona!"

"Sasa ningesema je? Ningesema Prof amekosa? Weye njo ulinifundisha hii kazi."

"Mtoto wangu ulimwambia ukweli."

Kasongo si mtu wa maneno makali, na alichosema baadaye alikisema taratibu, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba. "Yeye aliniuliza, Prof. Weye haukuniuliza. Ulinielezea."

Nikamwuliza kama ndege aliumia. Akatikisa kichwa. "Nilifanya vile ulitufundisha na njiwa, kabla ya kuipasua. Mukono moja ku shingo, haraka. Ulikuwa unasema kama munasita, njo yeye anateseka."

Kwa hiyo hata mkono ule ulikuwa wangu.

Nilirudi nyumbani, nikakukuta umekaa kwenye ngazi ya jikoni ukinisubiri, nami nikakuambia sentensi ile. Unaijua. Nitaiandika ili isiendelee kukaa kati yetu bila mwenyewe. Nilikuambia: "Siku minye nitagonjwa, mutaita Kasongo pia?"

Uliinuka ukaingia ndani. Chupa niliiacha chini. Mama yako aliifungua, na kuku wakala panzi wangu wote wa Kapolowe.

Tangu siku ile umekuwa mtoto mwema kupita kiasi. Unaniomba ruhusa hata ya kufunga dirisha. Mwaka jana nilipolala na malaria uliniletea maji, ukasimama mlangoni na kikombe, ukauliza: "Naweza kuingia, papa?" Katika nyumba yako mwenyewe. Nilisema ingia, ukaweka kikombe ukatoka. Nilitaka kueleza, lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na maelezo.

Sasa, sitaki kukudanganya kwa kuwa unaondoka. Sijamaliza hasira. Kila nikipita kwenye tangi la maji bado nasikia kwamba nyumba yangu ilikaa, ikashauriana, ikasubiri nitoke. Mlijua ninyi watatu. Mimi nilikuwa kilioni nikimsifu ndege aliyekwisha kuzikwa, na wazee wale hadi leo wakinikuta huuliza: "Na ile ndeke yako?" Ulikuwa na haki juu ya ndege, nimekubali hilo zamani. Ila ulininyima kitu. Uamuzi ule ulikuwa wangu. Niliukalia, niliuogopa, niliufunika kwa maneno, lakini ulikuwa wangu, na huenda ningeufikia. Huenda mara ya nne ningekusikia. Huenda hapana. Kutojua huko ndiko kunakoniuma, maana hakuna wa kunijibu.

Hayo niliyaamini mpaka leo asubuhi.

Leo mlipokuwa misa nilibaki, nikasema goti linauma. Nilitaka kukupa daftari la korongo uende nalo, kama kitu cha mwalimu kwa mwanafunzi. Nililishusha kutoka rafu, nikapangusa vumbi, nikasoma kurasa zangu. Wiki nane za mwandiko mzuri. Hali nzuri. Anatulia. Amelia jioni, dalili ya nguvu. Kisha daftari likaniponyoka likaanguka kifudifudi, na nilipoliokota lilikuwa limefunguka upande wa nyuma.

Ulikuwa umeandika kwa kalamu ya risasi, ukianzia jalada la mwisho na kuja mbele. Herufi ndogo. Kila Jumamosi ulimpima kwenye mizani ya maharagwe ya mama yako. Kilo tatu na gramu mia mbili. Kilo mbili na mia tisa. Mbili na nusu. Mbili na mia mbili. Kando ya kila uzito umeandika ulichoona: mfupa wa kifua unashikika, kidonda chini ya wayo wa kulia, amekaa siku nzima, manyoya ya kifua yamekwisha. Kwenye mstari wa mwisho, Jumamosi kabla ya safari yangu ya Kapolowe: kilo moja na mia tisa. Na chini yake: "Papa ameandika leo: hali nzuri."

Niligeuza nikatazama ukurasa wangu wa siku hiyo. Ndivyo nilivyoandika.

Daftari lile lilikaa mkononi mwangu kila siku. Kila Jumamosi jioni ulilirudisha kwenye rafu upande wako wa nyuma ukiwa juu, kichwa chini, nami kila mara niliona limegeuzwa, nikaliweka sawa, nikasema moyoni kwamba vijana hawajui kutunza vitu. Hiyo ndiyo mara ya nne. Na ya tano, na ya sita. Nimekuwa nikikudai miaka mitatu kitu ulichokuwa umenipa mkononi.

Kwa hiyo hili ndilo nililo nalo, na si somo. Utakutana na watu kama mimi. Watakuletea mnyama na maneno mengi, na maneno yatakuwa mazuri. Wengine watakuwa wakubwa kwako, wengine watakuwa wamekufundisha. Mguse mnyama kabla hujamsikiliza aliyemleta. Weka vidole kwenye mfupa wa kifua. Mfupa ule hauna heshima kwa mtu. Ukiona amebaki hai kwa faida ya anayemtazama, basi umejua. Na ukishajua, simama mbele ya mwenye mnyama useme. Mwache aeleze saa nzima kama anataka. Akimaliza, sema tena. Usimngojee aende kilioni. Najua nilikufundisha mwenyewe kwamba mtoto hamkatizi mzee. Katika hili, nikatize.

Na ile sentensi ya ngazi ya jikoni naiondoa. Siku nitakapougua, njoo wewe. Usisimame mlangoni. Unishike kifua, halafu uniambie mimi, kabla ya mama yako na kabla ya Kasongo.

Kwenye daftari, baada ya maneno yangu ya mwisho, nimeandika: "Korongo amekufa." Nimeacha nafasi chini yake, kwa sababu mengine siyajui. Sijui ilikuwa saa ngapi. Sijui nani alishika mabawa, wewe au mama yako. Sijui kama alilia. Miaka mitatu naishi na ninyi nyumba moja na sijawahi kuuliza.

Mama yako amemaliza upande mmoja wa kichwa. Barua hii naitia ndani ya daftari, upande wako wa nyuma, na akimaliza upande wa pili nitaliweka mkekani karibu nawe. Soma kwanza. Nitakuwa uani, pale palipokuwa na banda, na nitatoa viti viwili. Njoo uniambie ilivyokuwa. Nimeshika kalamu, nitaandika utakavyosema, na sitaeleza kitu.

Papa